Kamati ya Kudumu ya Uhalisi wa Njozi

INATANGAZWA kwa wanadamu, majitu, mazimwi, mbilikimo wa migodini, wafu wanaotembea na viumbe wengine wote wenye makazi ya kudumu au ya muda katika Ufalme wa Karvenholt, kwamba kuanzia Jumamosi ya pili ya mwezi Januari, kila mmoja wao atakuwa kile alichozaliwa, na si kitu kingine.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri la Pickerel Falls, Wisconsin, kati ya ratiba ya kwaya na karatasi ya mtu aliyepoteza glavu moja. Lilikuwa na muhuri. Muhuri wenyewe ulisema IMEPOKELEWA, kwa kuwa ndio pekee ambao Gordy Tollefson aliondoka nao alipostaafu ofisi ya kaunti, alikokuwa kwa miaka thelathini na mmoja akitoa vibali vya uzio na mabango. Alisema kwamba muhuri ni muhuri, na sisi tuliokuwepo tukaona ana hoja.

Ni vizuri kusema mapema kwamba Ufalme wa Karvenholt haupo. Yaani upo, lakini juu ya meza ya kukunja, ambayo ina ramani, dadu za kila umbo na sahani ya jibini mbichi inayolia kwenye meno. Tuko watu wazima tisa. Kila mmoja ana mhusika wake, humsemea na kumwamulia aende wapi na ampige nani, kisha dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Tumefanya hivyo kila Jumamosi mchana tangu mwaka 1986. Tumewahi kubishana saa tatu nzima kuhusu kama zimwi linaweza kupita mlango wa ghala, na wenzi wetu wameshaacha kuuliza tulikuwa tunafanya nini.

Mhusika wa Gordy ni Bwana Aldwin, shujaa wa mfalme. Mwaka 1988 Bwana Aldwin aliuawa na jitu kwenye vita vya darajani. Kuhani Ilsabet akamwombea arudi, na kwa kanuni za mchezo wetu, anayerudi kutoka kwa wafu hurudi na mwili utakaotajwa na dadu. Dadu ikasema nyegere. Tangu siku hiyo Bwana Aldwin ana manyoya, makucha marefu na mstari mweupe kichwani, na anahudhuria baraza la mfalme akiwa amesimama juu ya kiti. Ni binadamu mwenye heshima zake, na hakuna aliyewahi kuona hapo jambo la kushangaza. Tuendelee.

Shida ilianza Novemba, kilipotoka kitabu kipya cha kanuni. Ukurasa wa tisini na nne ulikuwa na picha ya mlinzi wa hekalu, mwanamke mwenye mkuki, na chini yake mistari miwili: kwamba alipozaliwa alihesabiwa mvulana, akakua akajijua kuwa ni mwanamke, na sasa analinda lango la mashariki. Basi. Kitabu kina kurasa mia tatu. Ukurasa wa tisini na tano una bakuli la uji linalokula watu, na mpaka leo hakuna aliyelalamika kuhusu bakuli.

Huko mtandaoni kulikuwa hakushikiki. Watu walichoma vitabu mbele ya kamera, baada ya kuvinunua. Dale Zastrow, fundi bomba wetu, alinunua viwili, kimoja cha kuchoma na kimoja cha kuchezea. Gordy hakuchoma kitu, si mtu wa moto. Yeye alikaa wiki tatu akitazama wanaume wenye hasira wakizungumza ndani ya magari yaliyoegeshwa, na alipoinuka kwenye kiti alikuwa na msimamo.

Hata hivyo, msimamo huo ungeisha wenyewe kama mafua, lau si Verlyn Kubiak.

Verlyn ndiye anayemcheza kuhani Ilsabet. Kazi yake ni kuendesha gari la kaunti la kusukuma theluji. Ni mtu wa futi sita na ushee, mpole, mwenye mikono kama makoleo. Yeye na Gordy wamejuana tangu shule. Kitabu kipya kilitutaka sote tunakili wahusika wetu kwenye karatasi mpya, na Verlyn alipokabidhi ya kwake, penye nafasi ya jinsia alikuwa ameandika kwa herufi ndogondogo: Mwanamke. Alihesabiwa mvulana mpaka alipofika miaka kumi na tisa.

"Hii ni nini?" Gordy akauliza.

"Ni Ilsabet."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote, bwana. Zamani karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika."

Gordy alihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta makochi yamehamishwa. Kwa hiyo akaunda kamati.

Kamati ya Kudumu ya Uhalisi wa Njozi ilikuwa na Mwenyekiti, ambaye ni Gordy, na Mjumbe wa Kuunga Mkono, ambaye ni Dale. Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa kugonga meza na kikombe. Katibu wa klabu, Mai Yer Vang, mfamasia, alifungua daftari lake na kuvua kofia ya kalamu taratibu, kama mtu anayekuhesabia vidonge.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "watu wanakuja hapa kukimbia siasa. Wanakuja kuua mazimwi kwa amani. Lazima tulinde uhalisi wa njozi zetu dhidi ya mambo yasiyokuwepo."

"Naunga mkono," Dale akasema.

"Sijatoa hoja bado, Dale."

"Basi ukiitoa, naunga mkono."

Mai Yer akainua kalamu. "Ufafanuzi, Mheshimiwa. Mhusika wa Dale hugeuka mbwamwitu kila mwezi mpevu. Uhalisi unamgusa au haumgusi?"

"Ule ni ugonjwa. Una maelezo ya kitaalamu, ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Na mfalme, aliyeanguliwa kwenye yai?"

"Mai Yer, tafadhali, usilete utani kwenye jambo la msingi."

Verlyn alikuwa amekaa mwisho wa meza na mikono mapajani. Alisubiri kila mtu anyamaze, maana hajawahi kumkatiza mtu. "Gordy," akasema, "Ilsabet amemkosea nani?"

"Si suala la kukosea, Verlyn. Ni suala la utaratibu."

"Mimi wiki nzima nakaa ndani ya lile gari na redio. Nikija hapa nakuwa yeye kwa saa nne. Saa nne tu, rafiki yangu. Baada ya hapo narudi kwenye gari."

Mashine ya kahawa ikaacha kukoroma. Gordy alielewa zaidi ya alivyotaka kuelewa, na ikamtisha. Mtu mwingine akitishika hukimbia, au hutukana. Mtu wa ofisi ya kaunti akitishika hutoa fomu.

Fomu hiyo iliitwa 7-B, ingawa hatukuwa na 7-A wala hizo sita za mwanzo, na iliandikwa papo hapo nyuma ya karatasi ya nyimbo za Krismasi. Maswali yalikuwa manne. Mhusika alizaliwa nini? Sasa ni nini? Nani anathibitisha? Taja ushahidi. Verlyn akaijaza kwa utulivu. Kwenye swali la tatu aliandika neno moja, "Mimi."

"Haiwezekani," alisema Mwenyekiti, bila kumtazama. "Mchezaji hawezi kuwa shahidi wa mhusika wake mwenyewe. Ni mgongano wa maslahi." Akapiga muhuri. Fomu ikakataliwa kwa neno IMEPOKELEWA.

Kanuni ilipita kwa kura tano dhidi ya tatu, Verlyn hakupiga. Kisanamu cha Ilsabet, chenye urefu wa kidole gumba na joho la buluu alilolipaka Verlyn mwenyewe mwaka 1987, kikawekwa kwenye kopo la biskuti na kifuniko kikabanwa.

Tulidhani Verlyn hatarudi. Jumamosi iliyofuata alirudi. Kanuni ilimfukuza Ilsabet, haikumfukuza yeye, kwa hiyo alikaa kwenye kiti chake kilekile, bila karatasi wala dadu, akitumiminia kahawa kama ndugu wa marehemu siku ya matanga. Alisema hana pengine pa kwenda siku hiyo, na alilisema bila kinyongo, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kula biskuti.

Jumatatu ilianguka theluji ya kufika magotini. Gordy alitoka na koleo lake akijua kwamba mwaka huu atachimba mwenyewe, na amestahili. Akakuta njia ya gari lake imeshasafishwa kutoka mlangoni mpaka barabarani, ukingo umenyooka kama uliopigwa rula, kama Verlyn alivyoisafisha kila msimu wa baridi kwa miaka ishirini. Alisimama pale na koleo kavu mkononi. Angekuta imefukiwa, angefurahi zaidi.

Wakati huohuo, Mai Yer alikuwa akitekeleza kanuni.

"Nitekeleze kwa mtu mmoja tu?" alimjibu Gordy alipompigia simu. "Tangazo lako linasema kila mmoja. Lina muhuri. Mimi ni katibu tu, kaka, natumwa."

Alikagua ufalme mzima, karatasi kwa karatasi, tangu 1986. Mnyonya damu wa mstaafu mmoja wa meza yetu, Bi Lorna, alisimamishwa kwa kuwa alizaliwa hai na sasa hayupo hai. Mfalme alisimamishwa kazi mpaka yai lipatikane. Mhusika wa Dale aliruhusiwa siku ishirini na saba za kila mwezi. Siku tatu zilizobaki Dale alitakiwa akae kwenye korido na makoti ya kwaya. Dale aliunga mkono, kisha akauliza ameunga mkono nini. Kwenye migodi ya mbilikimo, ambako waume kwa wake wote hufuga ndevu na kuvaa chuma kutoka shingoni mpaka miguuni, mkaguzi hakuweza kubaini nani ni nani, na alipouliza, alijibiwa kwa tusi lenye mizani na vina. Mgodi wote ukafungwa kusubiri maelekezo.

Ulinzi wa mpaka ukadorora. Mazimwi, ambayo hayakuwa yamesoma tangazo, yaliendelea kuja. Na bila Ilsabet hapakuwa na wa kuponya majeraha. Kufikia Jumamosi ya nne, jeshi la Karvenholt lilikuwa limebaki nyegere mmoja darajani, pale pale alipofia zamani, akiwa na ngao iliyopasuka na nukta moja ya uhai. Nukta moja maana yake ni hii: akiumwa hata na mbu, anakufa.

Hapo ndipo Mai Yer alipomkabidhi Gordy bahasha.

Gordy aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaisoma akiwa amekaa. "Hii ni ya Aldwin," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Alizaliwa binadamu. Karatasi ya sasa inasema nyegere. Nimemuacha wa mwisho kwa heshima ya cheo chako."

"Lakini Aldwin ni tofauti."

"Wote ni tofauti," alisema Mai Yer. "Ndiyo maana wamesimamishwa."

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kwa nyegere hawakusema, ila uso wa Gordy ulitupa picha. Alifungua kanuni za kamati yake, akazipekua, na akapata njia: rufaa. Aliiandika mwenyewe Desemba, kwa lugha ya kujivunia. Ibara ya tano: Rufaa yoyote itasikilizwa na mjumbe asiye na mhusika mchezoni, ili kuondoa upendeleo.

Tukatazamana. Wengine wote tulikuwa bado na karatasi zetu, hata zile zilizosimamishwa. Mjumbe asiye na mhusika kabisa alikuwa mmoja, na wakati huo alikuwa ameshika birika la kahawa.

"Mimi?" Verlyn akauliza.

"Ndivyo ibara inavyosema," alisema Mai Yer. "Keti pale mbele. Chukua kikombe cha kugongea."

Verlyn aliketi kwenye kiti cha Mwenyekiti, na kiti kikalalamika. Gordy alisimama upande wa pili wa meza na kofia mkononi, kama wale watu wa uzio aliokuwa akiwasimamisha zamani mbele ya dirisha lake. Verlyn aliinua Fomu 7-B na kuvaa miwani. Hakuwa anatabasamu. Laiti angetabasamu, Gordy angejua pa kushika.

"Mhusika alizaliwa nini?"

"Binadamu."

"Sasa ni nini?"

"Binadamu."

"Ana manyoya?"

"Anayo, lakini..."

"Ana mkia?"

"Mfupi tu! Verlyn, wewe ndiye uliyerusha ile dadu, unajua fika ilivyokuwa."

"Najua. Ninauliza kwa ajili ya daftari. Nani anathibitisha kwamba ni binadamu?"

 Gordy aliangalia ramani, daraja, na kisanamu kidogo cha nyegere ambacho rangi yake ilikuwa imefutika mgongoni kwa kushikwashikwa. Mwaka mkewe alipoumwa alikuwa akikiweka mfukoni hospitalini. Tulikuwa tunajua, na hatukuwahi kumtania kwa hilo, sisi ambao hutaniana kwa kila kitu.

"Mimi," akasema. "Mimi nathibitisha. Nani mwingine? Nimekaa naye miaka thelathini na saba! Huo mwili hakuuchagua, alipewa tu na dadu, na dadu haimjui mtu. Wanaomtazama wanaona nyegere, sawa, waone. Mimi ndiye ninayekaa humo ndani. Mimi ndiye ninayejua yeye ni nani, na sihitaji..."

Akakatisha katikati. Ilionekana waziwazi sentensi ikimrudia usoni. Masikio yake, ambayo ni makubwa, yalianza kuwa mekundu kuanzia juu.

"Samahani," alisema Mai Yer, bila kuinua kichwa. "Rudia kuanzia 'nani mwingine', polepole. Ninaandika."

Hakuna aliyecheka. Ningependa kuandika kwamba tulicheka, ingekuwa rahisi kwa wote. Watano kati yetu tulikuwa tumeinua mikono siku ile ya kura, na tuliokuwemo chumbani tulikuwa tunachunguza sakafu ya kanisa, ambayo ina vigae vya kijani.

Gordy akarudia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuruka neno.

Verlyn akavua miwani. "Swali la nne, ushahidi. Hilo naliruka. Rufaa imekubaliwa." Akagonga kikombe mara moja. "Na kwa ibara ya sita, katibu?"

"Uamuzi wa rufaa ni kanuni kwa wote," alisoma Mai Yer. "Kuanzia sasa shahidi wa mhusika ni mchezaji wake, na anatosha."

"Naunga mkono," Dale alipaza sauti kutoka korido, kwenye makoti.

Gordy alizunguka meza mwenyewe, akachukua lile kopo la biskuti. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Alihangaika nacho kwa muda ambao haukupendeza kutazama, mpaka Verlyn akanyoosha ule mkono wake wa koleo na kukifungua kwa kidole. Ilsabet akatoka, ametapakaa unga wa tangawizi. Verlyn alimpuliza, akampangusa joho kwa shati, akamweka darajani kando ya nyegere. Kisha akarusha dadu. Ilizunguka mpaka kwenye sahani ya jibini na kusimama kwenye kumi na tisa kati ya ishirini.

"Ilsabet anamwekea mkono kichwani, pale penye mstari mweupe," alisema Verlyn. "Majeraha yote yanafunga."

Gordy alikaa. Si kwenye kiti cha Mwenyekiti. Alikaa kwenye kile cha mwisho wa meza, karibu na birika. Alikohoa. Alimtazama Verlyn, si kisanamu, akamtazama kwa muda mrefu kama anayesoma upya kitu alichokipigia muhuri bila kukisoma.

"Asante, dada," akasema.

 Machozi yalimjaa Verlyn machoni, akageukia dirisha, ingawa dirisha la chumba cha chini ya ardhi halionyeshi kitu isipokuwa theluji. "Karibu, Gordy," akasema mwishowe.

Kalamu ya Mai Yer ikasimama. "Samahani, kwa ajili ya daftari. Aliyesema 'asante, dada', niandike ni nani? Nyegere au Mwenyekiti?"

"Andika wote wawili," alisema Gordy, na Dale, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia na koti la mtu mwingine mkononi, akaunga mkono bila kuuliza.